Umekamatwa ukiendesha umelewa Tabora: mwongozo kamili, kuanzia kituoni hadi siku ya hukumu

Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Tabora mjini. Simu za Jumatatu asubuhi nimezizoea: kijana wa bodaboda, dereva wa bajaji, wakati mwingine mwalimu au mfanyabiashara, kakamatwa Jumamosi usiku akitoka kunywa, na ndugu wanauliza wafanye nini. Swali hilo nimelijibu mara nyingi sana kwa mdomo, na bado watu wanaangukia mashimo yale yale. Nimeona heri niliandike lote mahali pamoja.

Niseme jambo moja kabla sijaanza. Mwongozo huu haukufundishi kukwepa kosa. Kama ulikunywa ukashika usukani, uliweka hatarini maisha ya mtu aliyekuwa akitembea zake pembeni ya barabara, na hilo huwa nawaambia wateja wangu usoni. Ila hata mwenye kosa ana haki ya kesi inayokwenda kwa utaratibu. Wengi ninaowaona wakiumia zaidi hawaumizwi na ile bia. Wanaumizwa na tarehe waliyoikosa, neno walilolisema kizimbani bila kulielewa, au pesa waliyompa mtu asiyehusika.

## Andaa haya kwanza

Ndugu wa aliyekamatwa, hii ni kazi yako, maana yeye yuko ndani. Tafuta bahasha moja ngumu uweke:

- kitambulisho cha NIDA cha mdhamini, au namba yake, pamoja na nakala mbili
- barua ya utambulisho ya mdhamini kutoka kwa mtendaji wa mtaa, kijiji au kata, yenye mhuri
- picha ndogo za pasipoti za mdhamini, angalau mbili
- leseni ya aliyekamatwa, kadi ya chombo na karatasi ya bima
- daftari dogo na kalamu
- simu yenye chaji na salio

Barua ya mtendaji ndiyo huchelewesha wengi. Ofisi ya mtaa haifunguki Jumapili, na mtendaji anaweza kuwa kwenye kikao. Mpigie simu mapema umweleze shida, na mdhamini aende mwenyewe na kitambulisho chake. Barua isiyo na mhuri usiihesabu.

Daftari watu hulidharau, lakini ndilo litakalokuokoa. Andika tarehe, saa, jina la kituo, jina la askari anayeshughulikia jalada na namba ya jalada. Kesi ikishafunguliwa mahakamani, namba yake iandike ukurasa wa kwanza kwa herufi kubwa.

## Hatua ya 1: Barabarani

Simama, zima chombo, toa leseni. Usikimbie na usibishane.

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inakataza mambo mawili yanayofanana lakini si yale yale: kuendesha ukiwa umelewa kiasi cha kushindwa kukimudu chombo, na kuendesha ukiwa na kilevi mwilini kupita kiwango. Kiwango cha dereva wa kawaida ni miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu. Kwa dereva wa chombo cha biashara kiwango ni sifuri. Bodaboda, bajaji, daladala, lori: kikombe kimoja cha wanzuki, pombe ya asali, kinatosha kukupeleka mahakamani. Vijana wengi wa vijiweni hawalijui hili, na wanajitetea kwa kusema "nilionja tu" wasijue kwamba kuonja ndiko kosa lenyewe.

Askari akikutaka upulize kipima ulevi, puliza. Kukataa bila sababu ya msingi kunaweza kukuzalishia shtaka la pili, na mbele ya hakimu kutaonekana kama ulikuwa na la kuficha. Omba uoneshwe namba iliyotokea, uikumbuke, na uangalie saa.

Kama kuna mtu kaumia, yeye kwanza. Afikishwe hospitali, Kitete au kituo cha afya cha karibu, na polisi watoe PF3, ile fomu ya polisi ya kumpeleka majeruhi kutibiwa. Wewe pia ukiwa umeumia, idai PF3 yako. Wala usidhani kwamba ukikubaliana na majeruhi juu ya gharama za matibabu kesi imekwisha. Kesi ya jinai ni ya Jamhuri, si ya majeruhi. Kumtibia ni jambo jema na hakimu anaweza kulizingatia, lakini halifuti shtaka.

## Hatua ya 2: Kituoni, na maelezo ya onyo

Hapa askari atakuhoji na kuandika maelezo yako. Kabla ya kuanza anatakiwa akuonye kwamba hulazimiki kusema chochote, na kwamba utakachosema kinaweza kutumika kama ushahidi. Ndiyo maana yanaitwa maelezo ya onyo. Una haki ya kumjulisha ndugu, rafiki au wakili, na ya kuwa na mmoja wao wakati unahojiwa.

Ushauri wangu ni huu: kama bado pombe iko kichwani, sema kwa heshima, "Afande, naomba nihojiwe nikiwa sawa, na ndugu yangu akiwepo." Mtu aliyelewa husema mengi. Nimewahi kusoma maelezo ya kijana aliyejitwisha hadi safari za wiki iliyopita ambazo hakuna aliyemuuliza.

Maelezo yakishaandikwa, yasome yote, au usomewe kama hujui kusoma. Neno ambalo hukulisema liombee marekebisho kabla ya kutia sahihi. Sahihi yako inakuja kuwa shahidi dhidi yako miezi kadhaa baadaye, wakati wewe mwenyewe umekwisha kusahau ulisema nini.

## Hatua ya 3: Dhamana ya polisi

Kosa hili lina dhamana, na dhamana ni bure. Narudia, ni bure. Hakuna "ya fomu", hakuna "ya mafuta", hakuna "ya mkubwa". Mdhamini anasaini hati inayotaja kiasi cha fedha, na kiasi hicho hakilipwi siku ile. Ni ahadi kwamba wewe ukitoroka, yeye anaweza kudaiwa.

Polisi wanaweza kukuweka hadi ulevi uishe, na kwa hilo usiwalaumu. Baada ya hapo, kama hukupewa dhamana, unatakiwa ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24 tangu kukamatwa, au mapema iwezekanavyo baada ya muda huo kama haikuwezekana. Saa 24 zikipita, ndugu amuone mkuu wa kituo na aulize kwa utulivu, daftari mkononi. Swali lenye tarehe na saa hujibiwa upesi kuliko kelele.

Nje ya vituo na mahakama hawakosi vishoka, matapeli wanaojifanya wanaweza kukusaidia kwa pesa. Mwaka jana mama mmoja wa Isevya aliuza mbuzi wawili akampa mtu aliyejitambulisha kuwa "ana jamaa ndani". Mwanawe alitoka jioni ile ile kwa barua ya mtendaji na sahihi ya mjomba wake, na yule mtu hakuonekana tena. Mbuzi wale ndio waliokuwa ada ya shule ya mdogo wake. Ukiombwa pesa ya dhamana, TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, wanapokea simu bure kwa namba 113.

Hatua hii imekamilika pale unapotoka ukiwa umeandikiwa siku na saa ya kuripoti. Kama hujapewa tarehe, usiondoke.

## Hatua ya 4: Kusomewa shtaka

Mashauri ya aina hii kwa kawaida hufunguliwa Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi. Fika mapema, saa mbili na nusu asubuhi uwe umekaa kwenye benchi. Vaa shati safi, zima simu. Na tafadhali, usije umekunywa ili kupunguza hofu. Nimeliona likitokea, na mtu yule alilala rumande.

Karani akiita jina lako, ingia, simama kizimbani. Shtaka litasomwa. Sikiliza mambo manne: jina lako limeandikwa sawa? Tarehe na mahali ni penyewe? Namba ya chombo ni yenyewe? Mashtaka ni mangapi? Mara nyingi si moja. Utakuta kuendesha ukiwa umelewa, kutokuwa na leseni, kutokuwa na bima, yote kwenye hati moja, na kila shtaka linajibiwa peke yake. Vijana wengi huitikia "ni kweli" mara moja kwa yote, hata lile la leseni wakati leseni iko mfukoni.

Kisha linakuja swali linalowaangusha watu kuliko jingine lolote:

"Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli, Mheshimiwa, ila nilikunywa kidogo tu, sikuwa nimelewa."

Jibu hilo ni mambo mawili yanayogombana. Umekiri, na papo hapo umekana. Hakimu makini ataandika kwamba umekana, kesi iendelee. Lakini usitegemee makini ya mwingine katika jambo linalohusu uhuru wako. Amua kabla hujaingia.

Kama ulikunywa, kipimo kilionesha na unajua ni kweli, sema "ni kweli", unyamaze. Mwendesha mashtaka atasoma maelezo ya tukio, nawe utaulizwa kama ni sahihi. Hapo bado una nafasi ya kusema kipande fulani si sahihi, kwa mfano kama imeandikwa ulimgonga mtu na hukumgonga. Ukikubali yote, unatiwa hatiani siku ile ile. Kukiri mapema huhesabika upande wako kwenye adhabu. Ila ujue kwamba aliyekiri hawezi baadaye kukata rufaa kupinga kutiwa hatiani, isipokuwa kukiri kwenyewe kulikuwa na kasoro. Anabaki na rufaa ya adhabu tu.

Kama si kweli, au hujaelewa shtaka, sema "si kweli". Hakuna atakayekukasirikia. Katiba, ibara ya 13(6)(b), inakuhesabu huna hatia hadi ithibitike. Na kama lugha ya kisheria imekupita, sema, "Mheshimiwa, sijaelewa, naomba nirudiwe." Kesi inaendeshwa kwa Kiswahili, na kuelewa ni haki yako.

## Hatua ya 5: Dhamana ya mahakama

Ukikana, au shauri likiahirishwa, hakimu anatangaza masharti mapya. Dhamana ya polisi imekoma mlangoni. Hapa ndipo familia hushtuka: mdhamini alibaki nyumbani akidhani kazi yake iliisha kituoni. Mleteni mahakamani siku ile, na bahasha yake kamili.

## Hatua ya 6: Kutajwa si kusikilizwa

Kama kuna sehemu moja nataka uisome mara mbili, ni hii.

Kesi "ikipangwa kutajwa", mashahidi hawaitwi. Unaingia, jina linaitwa, upande wa mashtaka unasema upelelezi umefika wapi, unapewa tarehe nyingine, unatoka. Dakika tatu. Kwa sababu ni dakika tatu, watu huona ni usumbufu wa bure. Mtu anatoka Sikonge au Urambo, nauli kwenda na kurudi, hesabu ya tajiri, yaani mwenye chombo, inamsubiri, anasema leo nisipoenda hakuna litakaloharibika.

Litaharibika. Usipokuwepo bila taarifa, mahakama inaweza kutoa hati ya kukukamata na kukufutia dhamana, na mdhamini wako akaitwa kujieleza kwa nini asilipe kile kiasi alichosaini. Nimemwona mzee mmoja, baba mdogo wa mshtakiwa, akitetemeka kizimbani kwa kosa la mtu aliyemlea. Kijana alikuwa Nzega akifanya biashara ya mpunga. Hakutoroka, alikuwa amesahau tarehe tu.

Kwa hiyo, kabla ya kutoka mlangoni muulize karani: "Tarehe ngapi, saa ngapi, kutajwa au kusikilizwa?" Iandike kwenye daftari, mpe mdhamini nakala. Ukiugua, mdhamini aende na cheti cha hospitali. Msiba ukitokea, aende na barua ya mtendaji. Mdhamini afike mwenyewe, asipige simu.

Kabla ya ushahidi kuna siku ya usikilizwaji wa awali. Utasomewa maelezo ya kesi na kuulizwa ni yapi huyabishii. Unayoyakubali hapo hayatahitaji kuthibitishwa tena. Jina na makazi yako kubali. "Nilikuwa nimelewa" usilikubali kwa haraka kama ndilo unalolipinga.

## Hatua ya 7: Ushahidi, na zamu yako kuuliza

Mashahidi wa kawaida ni askari aliyekukamata, aliyekupima, na pengine daktari au mtaalamu wa maabara. Kila mmoja akimaliza, hakimu atakupa nafasi ya kumuuliza maswali. Wengi husema "sina swali" kwa woga, au wanaanza kuhutubia. Uliza maswali mafupi:

- Ulinipima saa ngapi, na nilikamatwa saa ngapi?
- Kifaa kilionesha kiasi gani, na kiliandikwa wapi?
- Nani mwingine alishuhudia?
- Kama ni damu: nani aliitoa, ilifungwaje, nani aliipeleka maabara na lini?

Swali hilo la mwisho lina uzito. Sampuli ikipita mikono mingi bila kumbukumbu, mahakama ina sababu ya kuitilia shaka.

Karatasi ikitolewa kama kielelezo utaulizwa kama una pingamizi. Pingamizi hutolewa kabla haijapokelewa. Baada ya hapo umechelewa. Kwa mfano, kama yale maelezo ya onyo uliyatia sahihi kwa kulazimishwa, wakati wa kusema ndio huo. Na kielelezo cha maandishi kikishapokelewa kinatakiwa kisomwe kwa sauti ili ujue kilichomo. Kisiposomwa, omba kisomwe.

Upande wa mashtaka ukifunga, hakimu ataamua kama una kesi ya kujibu. Ukiambiwa unayo, haina maana umetiwa hatiani. Maana yake ni zamu yako. Unaweza kujitetea kwa kiapo, kuleta mashahidi, au kunyamaza. Mlete aliyekuwepo na aliyeona kwa macho yake, si anayekuja kusema wewe ni mtu mzuri. Tabia njema ina wakati wake mbele.

Kuhusu msaada: wakili wa kujitegemea ndiye anayeweza kusimama mahakamani kwa niaba yako. Sisi wasaidizi wa kisheria, kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, tunaelimisha na kuelekeza bila malipo, lakini haturuhusiwi kukuwakilisha kizimbani. Akikwambia msaidizi wa kisheria kwamba atasimama badala yako kwa ada fulani, ondoka hapo. Anza na ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako uulize ni watoa msaada gani wamesajiliwa.

## Hatua ya 8: Hukumu, na mchana ule mrefu

Ukitiwa hatiani, kabla ya adhabu utapewa nafasi ya kuomba upunguziwe. Hapo ndipo pa kusema kwamba ni kosa lako la kwanza, ulikiri mapema, una watoto, ulimhudumia majeruhi. Sema ukweli kwa sentensi tano au sita. Kama una barua ya mwajiri au ya mtendaji, itoe.

Adhabu inaweza kuwa faini, kifungo, au vyote, na mahakama ina mamlaka ya kukuzuia kuendesha kwa muda. Kukiwa na kifo au majeraha uzito ni mwingine kabisa, na hapo usiende bila wakili. Upo pia utaratibu wa huduma kwa jamii chini ya sheria ya mwaka 2002, ambapo mtu anayestahili kifungo kisichozidi miaka mitatu anaweza kupangiwa kazi za umma badala ya kukaa gerezani. Unaweza kuuomba.

Sasa faini. Hakimu akisema "faini au kifungo", faini inatakiwa siku ile, isipokuwa aruhusu muda. Hulipwi hakimu wala karani mkononi. Unaomba namba ya kumbukumbu ya malipo, ile watu wanaita kontroli namba, unalipa kwa simu au benki, unarudisha uthibitisho, unapewa stakabadhi ya serikali. Wakati ndugu wanahangaika, wewe uko mahabusu ya mahakama, na jioni karandinga linakuja kuwachukua wa gerezani. Nimemshuhudia dada mmoja akikimbia na simu mkononi, mtandao umegoma, pesa iko nusu kwake na nusu kwa shemeji yake aliye Igunga, na gari limewashwa. Kaka yake alilala gereza la Uyui usiku huo kwa sababu ya saa moja.

Kwa hiyo siku ya hukumu nendeni watu wawili, pesa iwe tayari kwenye simu moja, yenye chaji. Namba ya malipo iombwe mara tu hukumu inaposomwa, si baada ya chakula cha mchana. Ukiwa na stakabadhi mkononi na mfungwa wako yuko nje ya geti, hapo mmemaliza.

## Hatua ya 9: Rufaa, leseni na chombo

Kama hukuridhika, rufaa inakwenda Mahakama Kuu, na kwa Tabora mahakama hiyo ipo hapa hapa mjini. Toa taarifa ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10 tangu hukumu, kisha sababu za rufaa ndani ya siku 45. Muda wa kusubiri nakala ya mwenendo na hukumu hauhesabiwi, ila ziombe kwa barua siku ile ile ya hukumu na ubaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Aliye gerezani anaweza kutoa taarifa hiyo kupitia ofisa wa magereza.

Kama umezuiwa kuendesha, usiguse chombo hadi muda uishe. Ukikamatwa ndani ya kipindi hicho, ni kosa jipya.

Pikipiki au gari lililobaki kituoni ombea liachiwe kwa maandishi. Mwenye jina kwenye kadi aende mwenyewe, na kama ni la tajiri basi tajiri ndiye wa kwenda, akiwa na kadi halisi, kitambulisho na nakala ya hukumu au amri ya mahakama. Kabla ya kusaini kwamba umelipokea, lizunguke: angalia betri, vioo, tairi, kiwango cha mafuta, na namba ya chesisi ilingane na kadi. Kilichopungua kiandikwe kwenye kitabu mbele ya askari, ndipo usaini.